Dijon: soma lebo kwanza ndo utoe hela

Wanaoniuliza kuhusu Dijon, mji wa Ufaransa, karibu wote wanauliza haradali, na mi kazi yangu ni kununua viungo na vyakula vya chupa kwa ajili ya maduka kwahiyo hapa nina la kusema. Ukishuka stesheni ya treni unatembea tu kwa miguu, unapita chini ya lango la Guillaume unaingia rue de la Liberté, mtaa mkuu wa maduka pale mjini kati, magari hayapiti. Namba 32 kuna duka la Maille, lipo hapo tangu 1845, na kule ndani haradali mbichi inatoka kwenye bomba kama bia, wanakujazia kwenye kimtungi cha udongo alafu wanaziba na kizibo.

Sasa sikiliza. Neno Dijon kwenye chupa ya haradali halimaanishi imetoka Dijon! Hilo ni jina la namna ya kutengeneza tu, mtu yeyote popote anaruhusiwa kulitumia, na mbegu zenyewe kwa miaka mingi nyingi zimetoka Kanada. Ndo maana ukame ulipopiga Kanada 2021, mwaka uliofuata rafu za supamaketi Ufaransa zikabaki tupu, nchi ya haradali haina haradali. Ukitaka ya pale kweli tafuta lebo iliyoandikwa Moutarde de Bourgogne, hiyo inalindwa kisheria tangu 2009, mbegu lazima ziwe za Bourgogne, mkoa wenyewe ilipo Dijon, na mvinyo mweupe unaowekwa uwe wa huko huko. Kampuni ya Fallot ya Beaune, mji wa mkoa huo huo, wanaitengeneza, bado wanasaga kwa mawe, na wana duka lao Dijon mtaa wa rue de la Chouette.

Kwa nini mawe? Mbegu kavu ukiitafuna haraka haina ukali wowote wa maana, ukali unazaliwa pale mbegu inapopasuka ikakutana na maji, kuna kimeng'enya ndani yake kinaanza kazi hapo hapo, ndo ule moto unaopanda puani mpaka machozi, tofauti na pilipili inayokaa ulimini. Joto linaua ule ukali, na jiwe likizunguka polepole halipati moto sana. Kwahiyo hata jikoni kwako usiichemshe, epua sufuria ndo uweke, naona watu wanaipika nusu saa alafu wanalalamika haina ladha, inaniuma kweli.

Kwenye suala la jina, cassis ni kinyume kabisa cha haradali. Hiki ni kinywaji kitamu cha matunda madogo meusi yanayolowekwa kwenye pombe, na ukiona Crème de cassis de Dijon ujue imetengenezwa Dijon mjini, hapo jina linalindwa. Ujerumani waliwahi kuikataa eti kilevi chake kidogo, kesi ikaenda mahakama ya Ulaya, na hukumu ya 1979 ikaweka msingi kwamba bidhaa iliyouzwa kihalali nchi moja ya jumuiya ya Ulaya isizuiwe nyingine bila sababu ya msingi. Kichupa kidogo tu kimebadilisha biashara ya bara zima! Ikichanganywa na mvinyo mweupe wa zabibu aina ya aligoté inaitwa kir, jina la padri Félix Kir aliyekuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 mpaka alipofariki 1968. Kama hutumii pombe omba sirop de cassis, tunda ni lile lile.

Mkate wa asali na viungo, pain d'épices, nenda Mulot et Petitjean pale place Bossuet, wapo tangu 1796. Wa Dijon ni wa unga wa ngano, usijaji siku ya kwanza, uache ukae kidogo.

Ukiwa rue de la Chouette utaona watu wanasimama kugusa bundi wa jiwe ukutani kwa kanisa la Notre-Dame, wanamgusa kwa mkono wa kushoto, wanaomba bahati. Kwetu bundi akilia juu ya paa hakuna anayelala, wao wamemgusa mpaka sura imefutika.

Soko la Les Halles ni Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi asubuhi, nenda mapema, jibini ya Époisses inanuka vibaya ila inaliwa vizuri mno, na jambon persillé ni nguruwe kwahiyo asiyekula ajue. Haradali weka kwenye begi la kupakia chini ya ndege, ukibeba mkononi uwanjani wanaihesabu kama kimiminika wanaichukua.