Jina la Wapetrocorii lilitoka wapi?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Isle, kuna mji uitwao Périgueux, makao makuu ya mkoa wa Dordogne. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita sehemu hiyo ilikuwa ya Wapetrocorii, mojawapo ya makabila madogo ya Galia, nchi iliyotekwa na Warumi chini ya Julius Caesar. Mwaka 52 KK, Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia waliowaasi Warumi, alipozingirwa na Caesar katika ngome ya Alesia, kila kabila lilipangiwa idadi ya askari wa kwenda kumwokoa. Caesar anaandika kwamba Waaedui pamoja na makabila yaliyokuwa chini yao walitakiwa kutoa 35,000, na Waarverni vivyo hivyo. Wapetrocorii walipangiwa 5,000 hivi. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anawasifu kwa jambo jingine: kazi yao nzuri ya chuma.

Waandishi wa kale hawakuwapa zaidi ya mistari michache. Kwa watu wa namna hiyo jina lenyewe ni ushahidi wa thamani, na linastahili kusomwa bila haraka.

Lina sehemu mbili, petru- na corio-. Anayelitazama kwa macho ya Kilatini ataona humo petra, yaani jiwe, na kwa kuwa nchi yao imejaa miamba na mapango atadhani amepata jibu. Hajalipata. Petra ni neno ambalo Walatini waliliazima kwa Wagiriki, ilhali jina hili ni la Kigalia, lugha ya jamii ya Kikelti. Katika lugha hiyo petru- ni nne.

Tunajuaje, na Kigalia kilikwisha kufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita? Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka kwa wafinyanzi. La Graufesenque, karibu na mji wa Millau, palikuwa na karakana kubwa za vyombo vyekundu vya udongo katika karne ya 1 BK. Tanuri moja lilichoma kwa mkupuo mmoja maelfu ya sahani na bakuli za wafinyanzi wengi, kwa hiyo ilibidi hesabu iwekwe, asije mtu akadai visivyo vyake. Karani alichukua sahani ambayo bado haijachomwa, akachora juu yake kwa ncha kali: jina la mfinyanzi, aina ya chombo, idadi. Sahani hiyo nayo ikaingia tanurini pamoja na mzigo, na ndiyo sababu maandishi yake yamedumu mpaka leo. Mizigo yenyewe ilipewa namba: cintux wa kwanza, allos wa pili, tritos wa tatu, petuarios wa nne, pinpetos wa tano, kuendelea hadi decametos wa kumi. Hapo ni Wagalia wenyewe wanaohesabu kazini kwao, bila Mrumi wa kuwasemea.

Ukitoka hapo, lugha ndugu zinaunga mkono. Kiwelshi husema pedwar kwa nne, Kilatini quattuor, Kiayalandi ceathair. Zote zimetoka kwa lugha mama moja, na sauti ya mwanzo iliyokuwa kw iligeuka p kwa Wagalia na Wawelshi. Mgeuko huo hauko kwenye neno hilo tu. Farasi kwa Kilatini ni equus, kwa Kigalia ni epos, na mungu mke wa farasi aliitwa Epona. Msomaji wa Kiswahili anaujua undugu wa aina hii, kwani nne yetu ni nnya kwa Waganda na -ne kwa Wanyarwanda na Wazulu.

Sehemu ya pili, corio-, ni kikosi cha vita au jeshi. Kiayalandi cha kale kina cuire, kikosi, na Kijerumani kina Heer, jeshi. Wapetrocorii basi ni watu wa majeshi manne. Shaka iliyobaki inaondolewa na jirani wa mbali: kwenye milima ya Alps waliishi Watricorii, watu wa majeshi matatu, ambao mwanahistoria Mrumi Livius anawataja anaposimulia njia ya Hannibal, jemadari wa Karthago, kuelekea Italia. Tatu na nne zikiungana na neno lile lile katika majina ya makabila mawili, hiyo si bahati nasibu.

Tafsiri inayokubaliwa na wengi ni kwamba kabila lilitokana na muungano wa makundi manne, kila moja likija na kikosi chake.

Warumi walipotawala, mji mkuu wa kabila uliitwa Vesunna, kwa jina la mungu mke aliyeulinda. Mnara wa hekalu lake, wa karne ya 2 BK, bado umesimama, na nyumba ya tajiri mmoja iliyogunduliwa karibu nao mwaka 1959 sasa imefunikwa na makumbusho ya vioo yaliyobuniwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2003. Lakini mwishoni mwa enzi ya Kirumi miji mingi ya Galia iliacha majina yake ikachukua ya makabila. Lutetia ikawa Paris kwa sababu ya Waparisii, na Vesunna ikawa Périgueux kwa sababu ya Wapetrocorii. Jina la eneo zima, Périgord, lina asili hiyo hiyo.

Wanaotembelea Périgord hukuta ramani zinazoigawa kwa rangi nne: kijani, nyeupe, zambarau na nyeusi. Wapo wanaodhani hayo ndiyo makundi manne ya zamani. Siyo. Mgawanyo huo kama unavyochorwa leo ni wa watu wa utalii, na hakuna mwandishi wa kale aliyeyataja makundi hayo manne kwa majina wala kuonyesha mipaka yake.