Samweli si "aliyeombwa"

Majina mengi ya Kiebrania katika Biblia ni sentensi fupi, ambamo kitenzi au nomino imeunganishwa na jina la Mungu. Jina hilo huwa El (katika Kiswahili -eli mwishoni), au kifupisho cha YHWH, jina la Mungu ambalo Biblia za Kiswahili huliandika BWANA: Yo- mwanzoni, -ya au -ia mwishoni. Shina natan, yaani kutoa, liko ndani ya Nathanaeli, Yonathani na Nethania, na yote matatu yanasema Mungu ametoa. Mikaeli ni swali: nani aliye kama Mungu?

Kasoro ni zile orodha za majina ya watoto zinazosema "Samweli: aliyeombwa kwa Mungu". Chanzo ni 1 Samweli 1:20, Hana anapompa mwanawe jina kwa sababu alimwomba kwa BWANA. Kitenzi hapo ni sha'al, chenye herufi shini, alefu na lamedi. Zote tatu zimo katika Shemu'el, yaani Samweli kwa Kiebrania, lakini kuna memu iliyojipenyeza katikati, na hiyo memu sha'al haina. Jina limetokana na shem, "jina", na El. Husomwa "jina la Mungu" au "jina lake ni Mungu". "Aliyeombwa" kwa Kiebrania ni sha'ul, yaani Sauli! Neno hilohilo linatumika kwa mtoto katika mstari wa 28, ingawa katika tafsiri mwangwi wake hausikiki.

Nuhu naye ni hivyo hivyo. Katika Mwanzo 5:29 baba yake anataja faraja, nacham, ilhali Noach linaelekea kwenye nuach, kupumzika. Musa (Kutoka 2:10) anaunganishwa na masha, kuvuta kutoka majini, lakini umbo Moshe ni la mtendaji, "avutaye". Aliyevutwa angekuwa mashui. Wataalamu wengi huona humo neno la Kimisri la kuzaliwa, lile lililo mwishoni mwa jina la farao Thutmose.

Mwandishi wa Kiebrania hakuwa amekosea sarufi ya lugha yake. Alikuwa anachezea sauti ili jina libebe tukio. Kwa hiyo kusema "Hana alimwita Samweli kwa kuwa alimwomba" ni sawa kabisa. Kuandika "Samweli maana yake aliyeombwa" ndiko kunakohitaji kurekebishwa, na mzazi anayelitafuta jina lenye maana hiyo aelekezwe kwa Sauli.