Maumivu ya Mtoto Hayaishi Akinyamaza

Hadi miaka ya 1980, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo mno ya maumivu, na pengine bila dawa yoyote. Madaktari waliamini kuwa neva za mtoto wa umri huo hazijakomaa, na waliogopa kwamba dawa kali zingemdhuru. Walimpa dawa ya kulegeza misuli, akatulia, kazi ikaendelea.

Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti kuhusu watoto njiti waliofungwa mshipa ulio karibu na moyo. Baadhi waliongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Wengine walipata huduma ya kawaida ya wakati ule. Waliokosa fentanili, homoni zao za msongo zilipanda sana, na baada ya upasuaji walipata matatizo mengi kuliko wenzao. Mtoto aliyelegezwa hata asiweze kulia alikuwa akiumia, na vipimo vya damu vilionyesha hivyo.

Miaka kumi baadaye, mfamasia na mtafiti Anna Taddio wa Toronto, Kanada, aliuliza swali ambalo kila mzazi anapaswa kulijali: je, maumivu hayo yanaacha alama? Yeye na wenzake waliwachunguza wavulana 87 walioletwa kwenye chanjo wakiwa na miezi 4 au 6. Wapo waliokuwa hawajatahiriwa. Waliotahiriwa walipozaliwa, wengine walikuwa wamepakwa krimu ya ganzi kabla ya tohara, wengine krimu isiyo na dawa. Sindano ya chanjo ilipoingia, waliotahiriwa bila ganzi walilia na kukunja uso kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa ganzi walikuwa katikati. Hakuna kati yao aliyeweza kusimulia alichopitia miezi kadhaa nyuma, lakini mwili wake ulikuwa umejifunza.

Kwa watoto wakubwa hujengeka hofu. Mtoto aliyeumizwa sana kwenye sindano hukosa usingizi kabla ya kliniki inayofuata, na wasiwasi huo wenyewe huongeza maumivu. Sisi watu wazima huichochea. Mara ngapi mtoto anaambiwa, “Usipokula, daktari atakuchoma sindano”? Ninawasihi wazazi waliache tishio hilo kabisa. Pia msimwambie haitauma. Mwambieni itauma kidogo, kisha itapoa, nanyi mtakuwa naye.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi yaliyomo hayana gharama. Mama anyonyeshe wakati wa sindano au muda mfupi kabla. Mtoto mdogo apakatwe badala ya kulazwa chali na kubanwa mikono. Muuguzi asivute bomba la sindano nyuma kutafuta damu. Zikiwa chanjo mbili au zaidi, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Mama anayeomba kumpakata mwanawe hamsumbui muuguzi. Ana haki ya kuomba.

Kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao Afrika Mashariki unawatesa watoto wengi, jambo hili ni zito zaidi. Maumivu yanayorudi mara kwa mara humfundisha mtoto kuyavumilia kimya, hivyo unaweza kumkuta anatazama katuni huku mifupa inamuuma vibaya mno. Usimpime kwa machozi. Muulize, au mwonyeshe michoro ya nyuso, kuanzia uso uliotulia hadi wenye maumivu makali kabisa, achague unaofanana na anavyojisikia. Mpe mapema dawa aliyoandikiwa, kwa kipimo cha uzito wake. Hospitalini, maumivu makali yanahitaji dawa kali, na mofini ikitolewa na kusimamiwa ipasavyo ni tiba sahihi kwa mtoto. Hofu ya kwamba atakuwa mraibu wa dawa za kulevya imewaacha wengi wakiteseka bila sababu.

Mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu akianza kukwepa shule, kujitenga na marafiki, kukosa usingizi au kusema hana faida, inawezekana ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mweleze daktari hayo siku ileile mnapokwenda kwa ajili ya maumivu, kwa kuwa yanapaswa kutibiwa pamoja. Akitaja kutaka kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali leo na usimwache peke yake.