Superman na Spider-Man walishakutana zamani

Wapenzi wengi wa katuni huamini kwamba Superman wa DC na Spider-Man wa Marvel hawawezi kukutana ila kwenye michoro ya mashabiki, kwa kuwa kampuni zao ni mahasimu. Si kweli. Walikutana mwaka 1976, katika kitabu kilichotolewa na kampuni zote mbili kwa pamoja. Batman wa DC na Hulk wa Marvel wakafuata mwaka 1981.

Utamu zaidi ulikuja 1996, wasomaji walipopiga kura kuamua washindi wa mapambano matano kati ya mashujaa wa kampuni hizo mbili. Storm wa Marvel alimshinda Wonder Woman wa DC, Wolverine wa Marvel akamshinda Lobo wa DC. Wapo wasiokubali matokeo hayo. Mimi nayapenda, maana mashabiki wenyewe ndio walioamua.

Kinachokwamisha mashujaa hao kukutana ni kukosekana kwa makubaliano tu, wala si sheria. Mchoraji George Pérez alianza kuchora hadithi ya Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, na Justice League, kundi la DC, mapema miaka ya 1980, ikakwama kwa mvutano wa wahariri. Ilitoka mwaka 2003, na aliyeichora ni yule yule Pérez! Mwaka 2025 kampuni hizo zimerudi mezani, safari hii kwa kuwakutanisha Deadpool wa Marvel na Batman.