Dawa au njaa? Kumsoma mbwa wa maabara aliyeacha kula

Kazi yangu ni kuchunguza tishu za mbwa wa maabara kwa darubini baada ya dawa mpya kujaribiwa kwao. Mara nyingi badiliko naliona mapema. Kinachonichelewesha ni kujua limeletwa na nini. Dawa nyingi, dozi ikipanda, humkata mbwa hamu ya kula, na mwili uliokosa chakula una alama zake wenyewe.

Thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, ndiyo huponza wengi. Beagle, aina ya mbwa wanaotumiwa katika majaribio, huwa bado wadogo, tezi hiyo ikiwa kubwa. Chakula kikipungua sana, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, limfosaiti, yaani seli za kinga zilizomo, hufa, na tezi hunywea. Asiyejua uzito wa mbwa umeshuka kiasi gani ataandika kwamba dawa inashambulia kinga. Uboho nao hupungukiwa seli, na chembe nyekundu changa huadimika katika damu. Ini huishiwa glaikojeni, akiba yake ya sukari, na kuwa jepesi kwenye mizani. Kwa madume ambao hawajapevuka, korodani na tezi dume huchelewa kukua.

Sukari ya damu haisaidii sana kuitambua njaa. Ini la mbwa huendelea kuitengeneza kutokana na asidi za amino za protini na gliseroli ya mafuta, na ketoni zake, mabaki ya mafuta yaliyochomwa, hazipandi kama za binadamu aliyefunga siku kadhaa. T3, homoni ya tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili, ndiyo hushuka, mwili ukibana matumizi. Uwezo huo wa kustahimili ni wa kutisha: mwaka 1912 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya mbwa aliyekaa siku 117 bila chakula. Jaribio la namna hiyo nisingekubali kulishiriki.

Njia ya kutenganisha dawa na njaa ni kuwa na kundi jingine la mbwa wasiopewa dawa, wanaopimiwa chakula kile kile kidogo wanachokula wenzao. Thaimasi ikinywea kwa makundi yote mawili, dawa pekee haiwezi kulaumiwa. Lakini ulinganisho huo una kasoro ninayoiona nzito. Mbwa mwenye kichefuchefu huacha chakula mbele yake. Aliyepunguziwa hukimaliza kwa dakika chache, kisha hushinda na njaa. Msongo wao haufanani, na thaimasi husikia msongo. Ndiyo maana siliombi kundi hilo ila pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi, kwa kuwa ni mbwa wazima tunaowalaza na njaa.

Kupunguza chakula kwa kiasi ni jambo jingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador katika jozi 24, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 tangu utotoni. Nusu ya waliopunguziwa walivuka miaka 13, ilhali nusu ya wenzao walivuka miaka 11.2 tu. Insulini na mafuta ya damu vilikuwa chini, na maradhi ya viungo yalichelewa kuhitaji tiba. Ila wenzao wale walikuwa wanene kidogo, kwa hiyo sehemu ya faida hiyo huenda ni ya kuepuka unene tu. Beagle mwembamba ukimpunguzia robo ya chakula, humwondolei mafuta ya ziada, unamla misuli.

Kwa hiyo kabla ya kutazama vioo vya tishu kwa darubini naomba daftari la bakuli: mbwa gani aliacha chakula, siku ipi, gramu ngapi. Thaimasi yake naisoma baada ya hapo.