Mto hauongezi urefu wa miguu

Swali limekuja tena, mara ya sijui ngapi: "Fundi, mimi ni mfupi, tumeigeuza Coaster kuwa nyumba, ninunue mto wa unene gani wa kukalia?" Pacha wake naye hakosekani: "Mimi ni mrefu, kiti nimekisukuma mpaka mwisho, magoti bado yanagonga usukani. Nikate reli ambayo kiti kinateleza juu yake?" Wa kwanza nitamjibu kwamba mto hauongezi urefu wa miguu, unaupunguza. Wa pili nitamwambia tatizo lake pengine haliko nyuma, liko chini. Mwenye haraka aishie hapo. Mwenye safari ya Karatu na kitanda, jiko na tangi la maji nyuma yake, tuendelee.

Ninaposema gari nyumba simaanishi lile la kwenye picha za Ulaya peke yake. Kwa Arusha na Moshi ni mojawapo ya haya: Coaster au Hiace iliyong'olewa viti vya abiria ikawekwa kitanda, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye hema juu ya paa na droo nyuma, au vani za Sprinter na Ducato za wageni wanaoingilia Namanga, nyingine usukani ukiwa kushoto. Kila moja inamtesa dereva kwa namna yake. Mtu anayekushauri "kaa umbali fulani na usukani" kabla hajauliza gari gani, huyo ni wa kijiweni.

Mkao unajengwa kuanzia sakafuni kwenda juu. Vaa viatu utakavyoendeshea, si ndala. Kaa, rudisha makalio mpaka yaingie kwenye kona ya kiti, pasibaki upenyo wa kiganja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi mpaka mwisho: goti libaki limekunjwa kidogo na nyonga isichomoke mahali pake. Ikichomoka, uko mbali. Kwa gari la otomatiki tumia breki, na uikanyage kweli, kama ng'ombe wamekatiza barabara pale Makuyuni. Halafu egemeo: mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kitue juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Kama usukani una wenzo wa kuinamisha, sasa ndiyo zamu yake, si kabla. Kati ya kifua na katikati ya usukani zibaki sentimita 25 au zaidi, hasa penye eabegi. Hedresti ifike usawa wa juu ya masikio, isiwe mbali na kisogo. Mkanda upite katikati ya bega, na wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Hayo mnayajua, au mngepaswa kuyajua, siyarudii.

Kinachoniudhi ni urefu wa kiti. Kila mtu anazungumzia mbele na nyuma, hakuna anayezungumzia juu na chini.

Ukiniandikia kwamba una sentimita 158 hujaniambia kitu. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana kabisa: mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwenzake kinyume. Nipe vipimo viwili. Cha kwanza, ukiwa umekaa na viatu, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Cha pili, kutoka kwenye kikalio hadi kwenye jicho. Cha kwanza kinasema kiti kinaweza kupanda mpaka wapi kabla miguu haijaanza kuning'inia. Cha pili kinasema kiti kinatakiwa kufika wapi ili uone barabara. Vipimo hivi vikigombana, na kwa watu wafupi vinagombana karibu kila mara, hapo ndipo kazi ilipo. Mto unajifanya ugomvi huo haupo.

Tuufuate huo mto hatua kwa hatua. Umeweka sponji laini ya sentimita 10. Ukikaa inabonyea, zinabaki 3 au 4. Nyonga imepanda, basi kisigino kimeondoka sakafuni na sasa unakanyaga klachi kwa ncha ya kidole. Unasogeza kiti mbele. Kifua kinaukaribia usukani, unalaza egemeo ili upate nafasi, mabega yanabaki hewani. Ule uvimbe wa egemeo uliotengenezwa kubeba kiuno sasa unasukuma makalio. Hedresti imekuwa fupi. Ukikanyaga breki ya ghafla mto unateleza, na mwili unateleza nao chini ya mkanda, kwa hiyo mkanda unaacha nyonga na kuingia tumboni. Na baada ya saa mbili za barabara ya vumbi, tuseme Mto wa Mbu kwenda Engaruka ambako njia imejikunja kama bati, sponji imeshakufa: jicho limeshuka, na vioo vya pembeni ulivyovipanga asubuhi vinakuonyesha mawingu. Kero yote hiyo kwa sentimita tatu.

Je, hizo tatu zinakupa nini machoni? Inategemea pua ya gari. Chukua Coaster, dereva amekaa karibu kabisa na kioo. Tuseme jicho liko sentimita 180 kutoka ardhini, na ukingo wa chini wa kioo uko sentimita 130, umbali wa 60 mbele ya jicho. Ardhi unaanza kuiona kama sentimita 216 mbele yako. Panda sentimita 5 kamili: unaanza kuiona 202. Umepata sentimita 14, yaani kiatu kimoja cha mtoto. Sasa chukua Land Cruiser yenye boneti: jicho liko 155, ukingo wa mbele wa boneti uko 110 na umbali wa 170. Mwanzo unaona kuanzia mita 5.85, ukipanda sentimita zilezile 5 unaona kuanzia 5.44. Sentimita 41. Kwa hiyo dereva mfupi wa Land Cruiser ana sababu ya kweli ya kuinuliwa. Wa Coaster mara nyingi haoni barabara vibaya hata kidogo. Amezoea tu kwamba mfupi lazima akalie kitu. Pima gari lako mwenyewe kwa futi, hesabu ni ya darasa la saba: kimo cha jicho mara umbali wa ukingo, gawa kwa tofauti ya kimo cha jicho na cha ukingo.

Ukishathibitisha kwamba unahitaji kupanda, panda ndani ya kiti, si juu yake. Fundi wa kushona viti avue kava, aweke sponji ngumu chini ya ile ya asili, ile ya vipande vilivyogandamizwa au ambayo wauza magodoro wanaiita hai densiti. Iwe kabari: sentimita 4 nyuma, moja na nusu mbele. Mbele iwe nyembamba ili ukingo wa kiti usikate mapaja. Kati ya ukingo na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Ila usizidishe kabari. Kiti kikipoteza kabisa mwinamo wake wa kurudi nyuma, ukishuka mteremko wa Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro utakuwa umening'inia kwenye mkanda, unajizuia kwa mikono kwenye usukani unaotakiwa kuukata.

Halafu, na hili ndilo wanalolisahau wote, ukipandisha kiti pandisha na sakafu. Tengeneza jukwaa la kisigino. Vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyobandikwa pamoja kwa gundi na skrubu vinatosha, juu yake bati lenye nundu ili kiatu kisiteleze. Unene wake ulingane na kiasi ulichopanda ukiwa umekaa, si unene wa sponji dukani. Jukwaa liishie pale kisigino kinapotua, lisiingie chini ya pedeli hata kwa kidole kimoja. Likishafungwa, washa injini, maana breki huzama zaidi ikisaidiwa na buster (kifaa kinachoiongezea nguvu), kanyaga kila pedeli mpaka mwisho na uangalie kwa tochi kama kuna inachogusa. Lifungwe kwa bolti, na kabla ya kutoboa lala chini ya gari uone bomba la breki na nyaya zinapita wapi. Kipande cha ubao kilichofungwa juu ya pedeli kwa mpira wa tyubu si jukwaa, ni msiba unaosubiri siku yake. Kapeti lililolegea nalo ni hivyohivyo.

Warefu sasa. Ndugu yangu, kabla hujakata reli, angalia kuna nini chini ya kiti na kuna nini nyuma yake.

Chini: kwenye Sprinter na Ducato zilizojengwa kuwa nyumba mara nyingi kuna sahani ya kuzungushia kiti, ili jioni kiti cha dereva kigeuke kuwa kochi. Sahani hiyo hukipandisha kiti sentimita kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 6, juu ya kitako cha kiwandani. Mrefu anainama kuona taa za barabarani, mfupi anabembeza miguu. Wote wawili wanalaumu miili yao. Dawa ni kitako kifupi zaidi chini ya sahani, au kuitoa sahani upande wa dereva na kumwachia abiria raha ya kuzunguka. Kwenye Coaster na Hiace shida ni usukani uliolala kama sinia: ukirudi nyuma magoti yanafunguka lakini mikono haifiki. Hapo kupunguza sponji sentimita 2 na kuinamisha usukani vinasaidia kuliko kurefusha reli.

Nyuma: seremala. Amejenga kabati zuri la mninga limegusa egemeo la dereva, kwa sababu siku ya kupima kiti kilikuwa kimesogezwa mbele na fundi mfupi. Kabla ya kukata ubao wowote, sukuma kiti mpaka mwisho wa reli, laza egemeo nafasi tatu, ongeza vidole vinne, hapo ndipo kabati lianzie. Land Cruiser ya kabini moja yenye ukuta wa bati nyuma ya kiti haikupi chaguo hilo. Ile ndefu ya wazi inakupa, ilimradi droo hazijakuwahi.

Kama bado unataka kugusa reli, mrefu anafaidika zaidi akiinuliwa mbele ya kiti kidogo ili mapaja yabebwe. Kipande cha chuma cha milimita 10 chini ya bolti mbili za mbele, kwenye reli ya sentimita 40, kinainamisha kiti nyuzi moja na nusu hivi. Inaonekana si kitu. Kwa paja refu ni tofauti ya usiku na mchana. Kiwe chuma kigumu kimoja, si mnara wa washa, si ubao. Bolti ziwe mpya na ndefu zaidi, zenye alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani, unene uleule wa za mwanzo, na uzi uingie kwenye nati angalau sawa na unene wa bolti. Kumbuka kwamba kwenye magari mengi kishikizo cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe: ajali ikitokea, bolti hizo zinabeba kiti na wewe. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti, hiyo ni ya eabegi au ya mkanda. Tenganisha betri kwanza, subiri, ndipo uishike.

Sasa pale vitabu vinapojifanya vina uhakika. Vinasema egemeo liwe nyuzi 100 hadi 110. Kwa lami ya Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, sina ugomvi. Kwenye njia ya bati, egemeo la 110 linakurushia kichwa mbele na nyuma, na wengi hulisimamisha wenyewe bila kufundishwa. Mimi naona wako sahihi, ingawa kiuno kinalipa gharama. Viti vya springi au vya hewa navyo sijawahi kuvikubali moyoni kwa magari haya: vinapunguza kishindo, lakini vinapandisha kiti na kukirusha juu na chini mbele ya klachi isiyosogea. Kwa mrefu vinakula paa, kwa mfupi vinakula sakafu. Na kwa mtu wa sentimita 150 ndani ya Land Cruiser yenye klachi nzito, hakuna mkao sahihi kabisa. Kuna kuchagua kati ya kuona vizuri na kukanyaga vizuri. Mimi huchagua kukanyaga, na kinachobaki nakitafuta kwenye vioo.

Mkiendesha wawili, mrefu na mfupi, msibishane kila kituo. Chora alama mbili kwenye reli kwa rangi ya kucha, moja ya kila mmoja, na hesabuni nafasi za egemeo kutoka mbele. Jukwaa la kisigino liwe la kuchomoka, na liwe na mahali pake pa kufungwa likiwa halitumiki, siyo kutupwa sakafuni kwa dereva.

Vioo vipangeni mwisho, tangi likiwa limejaa. Lita 200 za maji ni kilo 200. Zikiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inapanda, kiti kinalala, na kila kipimo ulichochukua gari likiwa tupu kimesogea.