JavaScript haijui hesabu? Basi ngoja tuongee vizuri

Jumamosi asubuhi hata chai sijamaliza, meseji inaingia: "Ticha, hii JavaScript yako mbona haijui hesabu?" Na skrinshoti juu. Ni dada mmoja wa darasa langu la wikendi, anatengeneza ukurasa wa oda wa duka la vipuri vya pikipiki la baba yake. Plagi 3500, usafiri 2000, na chini kwa maandishi mekundu ya kujiamini: JUMLA 35002000. Yaani plagi ya bodaboda kwa milioni thelathini na tano na elfu mbili.

Nilicheka, ila baadae nikakasirika kidogo, kwa sababu hii ni mara ya nne mwezi huu naambiwa hayo maneno, na kila anayeyasema ameshajifariji kwamba tatizo ni la lugha. Kuna mpaka mmoja aliniaga anahamia Python, lugha nyingine ya programu, "kwa sababu kule hesabu ziko sawa". Kaka, utaenda Python na utalikuta tatizo hilohilo linakusubiri mlangoni, tofauti ni kwamba kule ukijumlisha maandishi na namba utapigiwa kelele nyekundu.

Iko hivi. Chochote mteja anachoandika kwenye kisanduku cha kujazia, wewe ukikichukua kwa .value kinakuja kama stringi. Maandishi. Hata kama umeweka type="number", hiyo inasaidia tu kumzuia mtu asiandike "elfu tatu" na inamfungulia kibodi ya namba kwenye simu, lakini .value yake bado ni stringi. Na alama ya kujumlisha kwenye JavaScript ina kazi mbili, kujumlisha namba na kuunganisha maandishi, na ikiona upande mmoja tu ni stringi inaunganisha. "3500" na "2000" zimebandikwa pembeni kwa pembeni kama ulivyoagiza. Hapo hakuna hesabu iliyokosewa kwa sababu hakuna hesabu iliyofanyika.

Kinachowapoteza watu, na hapa nawaelewa, ni kwamba alama zingine za hesabu zinaenda vizuri. "3500" - 500 inakupa 3000 safi. "3500" * 2 inakupa 7000. Kutoa na kuzidisha hazina kazi ya pili, kwa hiyo JavaScript inabadilisha ile stringi kuwa namba kimyakimya na kuendelea. Sasa mtu amejaribu punguzo, sawa, amejaribu plagi mbili, sawa, amefika kwenye jumla inatoka milioni, lazima aseme lugha ni mbovu. Dada yangu pale alikesha anabadilisha mpangilio wa kodi (maandishi ya programu, siyo ile ya TRA) wakati dawa ilikuwa neno moja, typeof, linalokuambia kitu ni cha aina gani. Ukifungua konsoli, ile sehemu ya brauza ya kujaribia kodi, kwa F12 ukaandika typeof bei, ikikujibu "string", umeshamaliza uchunguzi. Mimi darasani nimeshatangaza, asiyenitumia jibu la typeof pamoja na skrinshoti sijibu. Wananiona mkali. Sawa tu.

Afadhali hata kosa la milioni 35, maana linaonekana. Linaloniogopesha ni la kimya. Huyohuyo dada aliweka sharti kwamba oda ikizidi kiwango fulani usafiri ni bure, na kiwango chenyewe kinatoka kwenye kisanduku kingine ambacho baba yake anajaza mwenyewe. Pande zote mbili stringi. Sasa muulize JavaScript kama "9000" > "10000" itakujibu true, yaani kweli, bila aibu, kwa sababu stringi zinalinganishwa kama maneno ya kamusi, herufi ya kwanza na herufi ya kwanza, na 9 inakuja baada ya 1, basi imeisha hapo, urefu haujaangaliwa. Mzee angepeleka vipuri bure mji mzima na asijue pesa inavujia wapi. Ila upande mmoja ungekuwa namba halisi, ingelinganisha kama namba, ndiyo maana kosa kama hili linatokea leo na kesho halitokei na watu wanaanza kusema kompyuta ina mapepo.

Na kuna moja ambayo sitetei kabisa. Andika [1000, 900, 50].sort() uone: 1000, 50, 900. Hizo ni namba halali, hakuna stringi hata moja, lakini sort usipoipa maelekezo inazigeuza stringi kwanza ndiyo inapanga. Hapo waliotengeneza JavaScript wapeni lawama zao, mimi nakaa kimya. Dawa ni sort((a, b) => a - b), ishike tu.

Sasa ushauri wangu, na huu narudia mpaka wanafunzi wanaumalizia wao: geuza mlangoni. Mzigo ukiingia dukani unahesabiwa pale mlangoni mara moja, hauhesabiwi kila unapohamishwa rafu. Data ikitoka kwenye kisanduku, mstari wa kwanza kabisa ni const bei = Number(kisanduku.value), na kuanzia hapo mpaka mwisho wa programu bei ni namba, hakuna tena mjadala. Wale wa kuweka Number katikati ya hesabu hapa na pale ndio wanaosahau sehemu moja.

Lakini usidhani ukishaandika Number umepona, kwa sababu sisi bei tunaziandika kwa mbwembwe. Kama kisanduku ni cha maandishi ya kawaida na mtu akaandika "3,500" Number inakupa NaN, yaani "siyo namba", na akiandika "3500/=" pia NaN. Hapo ndio mtu anakimbilia parseInt kwa sababu ameona kwenye video inaweza kusoma "3500/=" ikatoa 3500, kweli inaweza, ila ipe "3,500" ikurudishie 3. Shilingi tatu! Inasoma mpaka inapokutana na koma halafu inaona kazi imeisha. Mimi nampa mtu NaN kuliko shilingi tatu, NaN angalau inachafua jumla yote na utaiona. Ondoa koma kwanza kwa replaceAll(",", ""), ondoa na hiyo "/=", halafu Number, halafu uliza Number.isNaN kabla hujaendelea. Na kisanduku kitupu kishughulikie peke yake, kwa sababu Number("") ni 0, na bei sifuri inapita kote bila kelele.

Kuna wabishi watanitumia 0.1 + 0.2 kwamba inatoa 0.30000000000000004, "si unaona haijui hesabu". Ndugu, jaribu hiyohiyo kwenye Python. Jaribu kwenye Java kwa double. Jibu ni lilelile, kwa sababu zote zinatunza desimali kwa kiwango cha IEEE 754 cha tangu 1985, na 0.1 kwenye mfumo wa mbili haina mwisho kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwenye mfumo wetu wa kumi. Kwa pesa tunza shilingi kamili, ukizidisha VAT piga Math.round mara moja pale, basi.

Hayo mengine ninayoambiwa na wanafunzi nayajibu harakaharaka maana nimeshachoka.

"JavaScript si ndio Java ya kwenye brauza?" Papa na papai. Brendan Eich aliitengeneza JavaScript pale Netscape, kampuni ya brauza, mwaka 1995, toleo la kwanza kwa siku kumi, ikaitwa Mocha, ikaitwa LiveScript, na mwisho wa mwaka wakaipa jina la JavaScript kwa sababu Java, lugha ya kampuni ya Sun, ilikuwa ndio habari ya mjini. Jina la biashara tu. Ukiona tangazo la kazi linataka Java usipeleke CV ya JavaScript, kuna mwanafunzi wangu alikaa kwenye usaili dakika tano tu.

"Niruke msingi niende React." React ni maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa, na kuna dogo alinibishia kwamba map, ile ya kupitia orodha na kugeuza kila kilichomo, ni kitu cha React. Map! React ilitolewa kwa umma 2013, map kwenye orodha ilikuwepo zamani. Kaa kwenye JavaScript tupu wiki sita, ukiweza kuandika orodha ya manunuzi inayoongeza, inafuta na inajumlisha bila kuangalia popote, njoo tuongee React.

"Nimeweka const kwa hiyo haibadiliki." Jina ndilo halihamishiki. Orodha iliyo ndani bado unaweza kuipiga push, yaani kuiongezea vitu, mpaka kesho.

"Kodi inasomwa juu kwenda chini kwa hiyo data itakuwa imeshafika." Hapana, fetch, ile ya kuomba data kwenye seva, inakurudishia Promise, yaani risiti ya mzigo, mzigo wenyewe uko njiani na mistari ya chini inaendelea bila kuusubiri. Weka await, yaani subiri, ndani ya fanksheni ya async. Hii inastahili siku yake nzima, ila leo plagi imekula muda wote.

"Nimezuia bei hasi kwenye fomu, niko salama." Fomu iko kwenye brauza ya mteja, ni mali yake, anafungua F12 ileile niliyokufundisha na anajiandikia plagi shilingi moja. Hesabu ya mwisho inafanyika kwenye seva, na bei inatoka kwenye databesi yako.

Yule dada nilimjibu kwa maneno mawili, "typeof bei?" Baada ya dakika tatu akarudisha "string", na emoji ya kujifunika uso. Mchana akaniandikia tena, jumla sasa iko sawa, 5500, ila baba yake kajaza kiwango cha usafiri wa bure "20,000/=" na imetoka NaN, afanyeje.